Geuka Ukutani

Mtaa mzima ulimwita Profesa, na yeye hakuwahi kumsahihisha mtu, ingawa shule aliiacha kidato cha pili baada ya kugombana na mwalimu wa hesabu. Alikuwa fundi wa kompyuta. Meza yake ilikuwa kwenye kona ya duka la kuchapa na kutoa nakala, na duka lilikuwa la mkewe, Mama Pacha. Habari hii ni ya huyo mama. Profesa tunamtaja kwa sababu hakwepeki.

Fundi wetu alikuwa na kamchezo kake. Kompyuta yoyote iliyopita mikononi mwake, hata iliyoletwa kupanguswa vumbi tu, aliiwekea neno la siri kwenye baiosi, ule ukurasa wa bluu unaotokea ukibonyeza Delete mashine ikianza kuwaka. Humo ndimo saa inamorekebishwa, na humo ndimo mashine inamoambiwa ianzie diski ipi. Ukitaka kubadilisha chochote, sharti umrudie yeye. Na kabla hajaandika neno lake alikuamuru: "Geuka ukutani." Watu wazima na heshima zao waligeuka wakakodolea macho leseni ya biashara iliyoning'inia kwenye fremu ya kioo. Mama Pacha naye aligeuka, miaka kumi na minane. Akinyoosha mkono tu kuelekea mashine iliyofunguliwa, anaambiwa, "Usiguse, mama. Humo si jikoni." Jamani! Mtu analipia kodi ya duka, halafu unamwambia hivyo.

Basi, Jumamosi moja Profesa akainua printa kubwa ya ofisi peke yake, wateja wakimtazama, na ngiri ikamtoka. Akakimbizwa hospitali, akapasuliwa. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameichezea kompyuta ya mkewe, akaiamuru iwakie kwenye flashi peke yake kwa ajili ya majaribio yake. Hakuirudisha ilivyokuwa, na flashi akaondoka nayo mfukoni.

Jumatatu saa mbili asubuhi Mama Pacha akawasha mashine. Kioo cheusi, maandishi meupe: hakuna diski ya kuwakia. Mbele ya kaunta alisimama mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Mtihani wa wanafunzi mia tatu ulikuwa umeshachapwa, umo humo ndani ya mashine bado kutolewa nakala, na ungeanza saa nane mchana. Shule hiyo Mama Pacha aliipata mwenyewe, kwa miguu yake, baada ya kubisha hodi mwaka mzima.

"Rasimu za mkono ninazo kwenye mkoba," mwalimu mkuu akasema, kwa ule upole wa kuudhi. "Na kuna duka jingine pale kona. Sisemi naenda. Nasema lipo."

"Nipe mpaka saa nne, Mwalimu."

Akabonyeza Delete. Ukurasa ukadai neno la siri. Akajaribu tarehe ya harusi, jina la mama mkwe, timu ya mpira ya mumewe. Mara ya tatu mashine ikagoma kabisa. Akapiga simu wodini.

"Baba Pacha, nipe lile neno la baiosi. Haraka."

"Siwezi kulitaja hapa. Wodi imejaa watu."

"Ninong'oneze."

"Watasikia."

"Niandikie ujumbe, basi!"

"Ujumbe unabaki kwenye simu, huo ni ushahidi. Ngoja nitoke Alhamisi."

"Alhamisi! Mtihani ni leo!"

"Mwambie Mwalimu avute subira. Na wewe usiguse." Akakata.

Mama Pacha akaiweka simu kaunta. Kumbe mwanamume huyu yuko radhi shule iende zake kuliko mkewe aone ndani ya ule ukurasa. Ilimuuma, tena sana. Kisha akaitazama ile fremu ukutani, na hasira zikampa akili. Kioo kile kilimwakisi Profesa akiwa kazini nyuma yake; vidole vyake havikuonekana, lakini bisibisi ilionekana vizuri, na alikwishamwona mara nyingi akizifungua mashine za watu waliosahau maneno yao wenyewe.

Akachomoa waya wa umeme. Akafungua skrubu za ubavuni, akapuliza vumbi likamrudia usoni. Pale kwenye bodi kuu ilikaa betri ya duara, bapa, kama kifungo cha koti.

"Una hakika?" mwalimu mkuu akauliza.

"Sina. Shika tochi."

Akaisukuma betri kwa ukucha, ikachomoka. Akabonyeza kitufe cha kuwashia ili kumaliza umeme uliobaki, akangoja dakika kumi ndefu, akairudisha. Akachomeka waya, akabonyeza Delete. Ukurasa wa bluu ukafunguka bila kuuliza mtu yeyote. Saa ilionyesha mwaka ambao watoto wake pacha walikuwa hawajazaliwa. Akaweka tarehe, akaweka saa, akaiweka diski mbele ya vyote, akabonyeza F10 kuhifadhi. Mashine ikawaka, picha ya pacha ikajaa kwenye kioo. Mama Pacha akapiga kigelegele, na mwalimu mkuu, mtu wa tai na suti, akaruka. Kufika saa sita makaratasi yote yalikuwa yameshafika shuleni.

Saa kumi alikwenda kumwona mgonjwa. Profesa alikuwa amenywea, dhamiri imemsumbua kutwa.

"Sogea," akasema, akiangalia vitanda vya pembeni. "Nimeamua nikwambie. Moja, mbili, tatu, nne."

Mama Pacha akangoja. "Halafu?"

"Imeishia hapo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akashika mshono. Mama Pacha hakucheka. Miaka kumi na minane ya kutazama leseni, kwa ajili ya moja, mbili, tatu, nne! Hata jina la mama mkwe alilijaribu, kwa kudhani anashindana na akili.

"Nimeshafungua, Baba Pacha. Nilitoa betri. Mtihani umefanyika."

"Umegusa?"

"Nimegusa. Tena nimeweka neno langu."

Profesa akajiinua kwa kiwiko. Mashine ile ndiyo aliyokuwa akiitumia kwa kazi zake zote. "Neno gani?"

"Geuka ukutani."

Akamtazama mkewe, akaona hatanii. Akageuka polepole, ameshikilia mshono, akangoja aambiwe. Mama Pacha akachukua mkoba wake, akawaaga wagonjwa wengine, akarudi kufungua duka.