Chipu ya Mama wa Mbangala

Ufundi simu nilifundishwa na mtu niliyemwita kaka, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Sote tulitoka Itaka, tukasali kanisa moja, na nilipoolewa mkewe ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Alinipa nusu ya meza yake Tunduma, karibu na foleni ya malori, tukafanya kazi bega kwa bega miaka sita.

Simu za Tunduma zinasumbuliwa na mpaka. Umekaa kwenye kiti kilekile, simu imeshika mnara wa huku, mara unaingia ujumbe wa kukukaribisha Zambia. Modemu, yaani ile sehemu ya simu inayoongea na minara, haipumziki. Inahangaika kutafuta mtandao na chaji inaisha mapema. Kaka ndiye aliyenionyesha namna ya kulijua tatizo. Unatoa betri, unaipa simu umeme wa mezani kupitia mita, kisha unatazama namba. Modemu ikilala, namba inashuka karibu na sifuri.

"Ikikataa kushuka, kuna kitu kinaiamsha," aliniambia. "Kitafute. Usibahatishe."

Nikajizoeza kuandika namba za kila simu kwenye daftari na kupiga picha bodi yake ya ndani, ile inayobeba chipu.

Siku moja mama mmoja mhudumu wa afya wa kijiji alileta simu yake kutoka Mbangala. Chaji ilikuwa haifiki jioni. Nilikuta mtu ameifunga ishike 4G peke yake, na kwao 4G inafika kwa shida. Nikabadilisha mipangilio, nikafungua bodi kuhakikisha, nikakuta kila kitu kizima. Siku ya kuichukua nilikuwa msibani Itaka, kwa hiyo nilimwachia kaka amkabidhi.

Baada ya wiki tatu mama alirudi. Akaiweka simu mbele yangu.

"Mwanangu, hii inaniunguza mfukoni. Saa sita mchana imeshazima."

Kisha akanieleza kilichotokea. Mjamzito mmoja alishikwa na uchungu, yeye akataka kupiga simu ili gari lije, simu ikawa imekufa. Wakampakia yule dada kwenye bodaboda. Alijifungulia njiani, kwenye mvua. Mtoto alipona, lakini mama yake alipoteza damu nyingi na alikuwa bado amelazwa.

"Nilikwambia kazi yangu ni ipi," alisema. Hakupaza sauti.

Kaka alikuwa amevuka mpaka kwenda Nakonde kufuata vioo vya simu. Niliunganisha mita, namba ikagoma kushuka. Nikainua kibati kinachofunika modemu. Chipu inayoipa nguvu ya kurusha mawimbi haikuwa ile niliyoipiga picha. Ilikuwa kuukuu, na lehemu imemwagika pembeni. Droo ilikuwa na simu nyingine mbili nilizokuwa nimemaliza, zote za watu wa vijijini, zikisubiri wenyewe. Nikazifungua. Zilikuwa hivyohivyo.

Kaka aliporudi, mama alikuwa bado amekaa kwenye benchi. Nilimwonyesha kaka ile picha.

"Kaka, chipu ya simu hii iko wapi?"

"Mdogo wangu, nilimfungia dereva wa lori kwenye simu yake. Alikuwa anaondoka siku ileile. Mtu wa Mbangala anapiga simu ngapi kwa siku?"

Mama akageuka, akaniangalia mimi. "Siku ya kuichukua aliniambia ni wewe uliyeifungua. Akasema ikisumbua nikutafute wewe."

Nilimsubiri kaka akatae. Alichukua brashi akaanza kusafisha bodi iliyokuwa safi.

Simu yangu ilikuwa ya aina moja na ya mama. Nikatoa chipu yangu nikaifunga kwenye simu yake, naye akiangalia kila hatua. Namba ikashuka. Nilimweleza yote, hata yale ambayo hakuuliza.

"Nimekuelewa," alisema. "Ila nikikuachia tena, nawe ukaitwa msibani, nitajuaje?"

Akafunga simu kwenye kitambaa akaondoka.

Nilikusanya vifaa vyangu mchana uleule. Kaka hakunizuia. Aliuliza tu nani ataniletea kazi. Kanisani zikasambaa habari kwamba sina shukrani, nimemkimbia aliyenitoa shambani. Mkewe akaacha kuitikia salamu yangu. Niliwahi kutaka kusimama niwaeleze watu, lakini kila nilipoanza kupanga maneno nilijiona nasimulia habari za bati na lehemu, na kaka ameketi mstari wa mbele.

Sasa nina meza yangu Vwawa. Sifungui simu kama mwenye nayo hayupo, na wengine hukasirika kusubiri. Ninapoona namba ya mita inashuka, bado ni sauti ya kaka ninayoisikia ikiniambia nisibahatishe, na sijapata njia ya kuiondoa.