Pale Watu Wanapovuka Mto

Mimi ni mtu wa kufumua. Nikishona pindo la gauni na mshono ukapinda kidogo, hata mahali ambapo jicho la mteja halitafika, nafumua naanza upya. Wateja wangu wa Kasese wamenizoea. Wanaleta kitambaa cha Krismasi mvua za Agosti zikianza, na bado wananikuta mkesha wa sikukuu nimeinama juu ya cherehani, mdomo umejaa pini.

Gitaa nalo nilijifunza hivyo hivyo. Sikuwa na mwalimu, na hakuna aliyeona sababu ya msichana kuwa naye. Nilikuwa na masikio tu, na zile nyimbo nilizozisikia Bwera nikiwa mtoto, nimekaa nyuma ya meza ya shangazi yangu sokoni.

Shangazi aliuza samaki wa chumvi kutoka Kasenyi. Katika miaka ya sitini, watu wa upande wa Beni na Butembo walipokuwa wakivuka mpaka wa Congo na magodoro kichwani, mwanamume mmoja alikuja kukaa kwenye kivuli cha meza yake. Hakuomba kitu. Alikuwa na gitaa alilolichonga mwenyewe kwa ubao wa sanduku, nyuzi zake ni waya wa breki za baiskeli uliofumuliwa. Alikuja na mwenzake aliyegonga chupa ya soda kwa msumari. Shangazi alimwambia, "Papa, ukiimba vibaya samaki wangu watanuka. Imba vizuri." Akaimba. Tangu siku hiyo meza ya shangazi haikukosa watu, na wengine walisahau kununua samaki.

Nyimbo alitunga mwenyewe, kwa Kiswahili cha kwao na Lhukonzo pamoja. Alitunga juu ya mbuzi aliyekula hati ya kodi, juu ya mwanamume anayejisifia shamba la kahawa la mkwewe. Lakini uliopendwa kuliko zote ulikuwa wimbo wa mto. Ndani yake msichana anaolewa ng'ambo ya mto Lhubiriha. Mama yake amesimama ukingoni, anamwita aangalie nyuma, na msichana haangalii kwa sababu akiangalia atateleza. Basi. Wimbo wote ni huo. Katikati, baada ya mama kuita mara ya mwisho, gitaa lilinyamaza, chupa ikanyamaza, mwimbaji akainamisha kichwa chake juu ya mbao. Soko zima lilisimama na samaki mkononi. Kisha gitaa lilianza tena, msichana yuko ng'ambo.

Kwao kulipotulia alirudi, na mwenzake pia. Hakuacha sahani ya santuri, hakuwahi kusikika redioni. Aliacha nyimbo midomoni mwa watu. Wanawake waliziimba wakimenya muhogo, na wanaume ambao hawakubali kwamba wanaimba walizipiga mluzi. Wimbo wa mto ukawa wimbo wa kumtoa bi harusi nyumbani kwao. Sijui nani alianza. Ninachojua ni kwamba kufikia wakati nilipovunja ungo, hakuna binti wa Bwera aliyetoka mlangoni kwa mama yake bila huo, na pale kwenye kimya bi harusi alisimama mguu mmoja nje ya kizingiti, mmoja ndani. Hakuna aliyekohoa. Watoto walifunzwa kuziba pumzi. "Hapo mtu yuko majini," tuliambiwa. "Ukipiga kelele anaangalia nyuma."

Nilipohamia Kasese kushona, nilijinunulia gitaa kuukuu na nikaanza kuufumua wimbo huo. Maneno nilikuwa nayo. Vidole nilivipata baada ya malengelenge mengi. Kimya ndicho kilichonishinda. Kilikuwa cha muda gani?

Labda nisingejali sana, lakini siku moja dereva wa pikapu ya samaki alinijia na ujumbe wa shangazi. Mwimbaji amerudi. Anavuka na madumu ya mawese siku za soko. Binamu yangu, kitinda mimba wa shangazi, anaolewa, na mwimbaji amekubali kuja kumwimbia. Yule mwenzake wa chupa alifariki huko Congo. Shangazi mwenyewe atagonga chupa. "Na wewe," dereva alisema huku akisoma uso wangu kama mtu anayesoma kibao cha barabarani, "utapiga gitaa la pili. Shangazi amesema hivyo. Hakusema kama unataka."

Nilifumua mshono uliokuwa hauna kosa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wanawake wa Bwera walikuwa wameubeba wimbo huo miaka yote, mwimbaji hayupo, na sasa yeye mwenyewe amekuja, na binti wa shangazi anatoka, na mtu pekee anayeweza kuuharibu ni mimi.

Nikaanza kuuliza. Kila mteja aliyetoka upande wa Bwera nilimuuliza nikimpima kiuno: kimya kile, kilikuwa kirefu kiasi gani? Mmoja alisema ni Salamu Maria nzima, bila haraka. Mwingine akasema hapana, Salamu Maria ni ndefu mno, ni muda wa mtu kuinua kibuyu cha tonto, ile pombe ya ndizi, kunywa na kukirudisha chini. "Inategemea mnywaji," akasema mumewe kutoka mlangoni. Wa tatu alishangaa swali lenyewe. "Wewe unajua tu," akasema. "Mwili unajua." Wangu haukujua. Nilipiga, nikanyamaza, nikasali, nikaanza. Nikapiga, nikanyamaza, nikanywa maji, nikaanza. Jirani yangu aligonga ukuta. "Dada, umelala juu ya gitaa au umekufa? Maliza huo wimbo tupumzike!"

Nilienda Bwera na pikapu ile ile ya samaki, gitaa ndani ya gunia. Tulipopita Munkunyu kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi, na miaka hiyo ulishuka kabla hujaambiwa.

"Shuka wote! Wewe, iko nini ndani ya gunia?"

"Gitaa, afande."

"Ya nani?"

"Yangu."

Alinitazama juu mpaka chini. "Mwanamke anapiga gitaa? Piga, tusikie."

Vidole vilichagua vyenyewe wimbo vinaoujua. Nilipiga kando ya barabara, magunia yamefunguliwa, dereva mikono juu. Nikafika pale, nikanyamaza. Hata sikufikiri.

"Nani amekwambia simama? Piga!"

"Afande, ngojea kidogo," akasema mama mmoja mzee tuliyesafiri naye, mikono yake bado juu. "Hapo watu wako majini."

"Maji gani?"

"Ya mto, mwanangu."

Mwanajeshi aliangalia viatu vyake. Naapa aliviangalia. Yule mama alisubiri, kisha akanipa ishara ya kidevu, nami nikaendelea mpaka mwisho.

"Wimbo yenu ni ya wazimu," akasema. "Pandeni."

Wenzangu walicheka mpaka Bwera. Mimi nilikaa juu ya gunia la samaki nikiwaza jambo moja tu. Kidevu cha yule mama kilikuja mapema kuliko Salamu Maria yangu.

Nilimkuta mwimbaji nyuma ya nyumba ya shangazi anakula ugali wa muhogo. Amenenepa. Kichwa kimekuwa cheupe pembeni. Kando yake palikuwa na gitaa jipya la dukani Butembo, linang'aa rangi ya asali, na mashine ndogo za chuma za kukazia nyuzi. Wanawake walikuwa wamekaa kumzunguka kama walio kanisani. Wanawake hao, ambao kwa kawaida huwezi kuwapita bila kutaniwa! Mmoja alikuwa ameshika dumu lake tupu la mawese na kulipangusa kwa kanga.

Nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa mwanajeshi. Nilipiga goti kumsalimu.

"Papa, naomba tujaribu kwanza wimbo wa mto."

"Wimbo gani ya mto?"

Shangazi akaimba mstari mmoja, taratibu, kama anayemkumbusha mgonjwa jina lake.

"Ah, ile! Ile iko mwepesi, mutoto wangu. Hatujaribu. Hawa beko watu ya harusi, si watu ya mtihani. Kula."

"Lakini pale katikati, Papa, unasubiri..."

"Kula," akasema shangazi, na jicho alilonipa lilinifunga mdomo. Baadaye, tukichambua maharage, alininong'oneza, "Usimchoshe. Mzee amesahau baadhi. Sisi hatujasahau. Inatosha."

Haikunitosha. Nilikaza nyuzi, nikazilegeza, nikazikaza.

Jua lilikuwa limepanda vizuri watu wa bwana harusi walipofika kwenye ua. Shangazi alishika chupa na msumari. Mwimbaji alikaa kwenye kiti, mimi kwenye kigoda nyuma ya bega lake la kulia. Alipiga sauti ya kwanza na mara moja nikajua mkono ule. Unene haukuugusa. Sauti yake ilikuwa imekauka kidogo, kama kamba iliyoachwa juani, na nilisikia wanawake wakivuta pumzi wote pamoja, na mmoja akisema "Yesu wangu" polepole. Vidole vyangu vilimfuata bila kosa. Kwa mara ya kwanza tangu ujumbe ule sikuwa na hofu.

Binamu yangu akatokea mlangoni, amefunikwa shela. Mama katika wimbo akaita mara ya mwisho. Binamu akatoa mguu mmoja nje ya kizingiti.

Mwimbaji hakunyamaza.

Alipita pale kama mtu anayepita mlango wa jirani, moja kwa moja, mstari unaofuata. Chupa ya shangazi ilikuwa imesimama. Ua wote ulikuwa umesimama. Binamu alikuwa kwenye mguu mmoja. Nami? Nilijua kwamba mwenye wimbo ni yeye. Nikisema nataka usahihi, basi usahihi ndio huo mbele yangu, unatoka mdomoni mwake. Nilitaka kumfuata. Vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kukaa kimya na watu wengine.

Aliimba peke yake mstari mzima. Kisha akageuka.

"Kuna nini? Mutu amekufa?"

"Papa," akasema shangazi, "tuko majini."

Hakuelewa. Shangazi akamweleza, haraka, kwa sauti ya chini, bi harusi akiwa bado ameshika fremu ya mlango: kwamba hapo alikuwa akinyamaza, kwamba hapo ndipo msichana anavuka, kwamba mabinti wote wa Bwera wametokea hapo. Mwimbaji alimsikiliza mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, akipiga paja.

"Kigingi!" akasema. "Mama, ilikuwa kigingi! Gitaa yangu ya zamani, kigingi ya mti ilikuwa inateleza. Kila siku pale pale, ule uzi mnene unalegea. Nilikuwa nasimama kukaza. Kwa hiyo nilikuwa nainama. Hakuna mto. Ona hii," akagonga mashine za chuma za gitaa jipya, "hii hailegei."

Hakuna aliyecheka naye. Niliona uso wa shangazi na nikatamani ardhi inimeze, ingawa safari hii kosa halikuwa langu. Niliwaza mama wote waliosimama kwenye milango ile. Niliwaza watoto walioziba pumzi. Niliwaza hata yule mwanajeshi na viatu vyake. Na ndani yangu, lazima niseme, kulikuwa na sauti ndogo ya fundi cherehani iliyosema: kumbe hakukuwa na kipimo. Kimya kilitegemea ukaidi wa uzi siku hiyo.

Watu wa bwana harusi walianza kunong'ona. Shangazi aliinua msumari wake na kumwelekezea mwimbaji, mtu ambaye yeye ndiye alimtunzia nyimbo zake muda wote huo.

"Sasa wewe na kigingi yako, Papa," akasema, "ngojea kwanza mtoto avuke."

Kicheko kilimwisha usoni. Alimtazama shangazi, akatazama mlango, na mguu ule wa kiatu cheupe uliokuwa umechoka kusubiri juu ya vumbi. Akainama juu ya gitaa lake jipya. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka juu ya shingo ya gitaa, ukashika chuma cha uzi mnene, ukazungusha, kama ulivyokuwa ukizungusha sokoni.

Kimya kilikuja. Sikusali na sikuhesabu. Nilisikia mbuzi wa jirani, na kanga ya mtu ikipepea.

Alipoanza tena, uzi ule, ambao haukuhitaji kukazwa, ulikuwa umepanda juu. Haukuendana na nyuzi nyingine, wala na zangu. Kwa sikio kama langu ilikuwa kama sindano chini ya ukucha. Nilijua naweza kubaki nilipo na kuwa sahihi. Binamu yangu alikuwa ameshaleta mguu wa pili nje, anatembea kuelekea kwa watu wa ng'ambo, haangalii nyuma, na shangazi anagonga chupa huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Nilipandisha mkono nikakaza uzi wangu, mpaka ukakosea sawasawa na wake, na tukaendelea.