Jogoo wa Shingo Tupu na Vifaranga wa Satini

Kuku wangu wa zamani walikuwa na mbio kuliko nyama. Ukitaka kumla mmoja, ulipaswa kwanza kumfukuza lupango nzima, ua wote mpaka kwenye uzio, na jasho lililokutoka lilikuwa zito kuliko paja lenyewe. Mama mkwe wangu, kila alipopanda treni kutoka Bukama kuja kututembelea hapa Kamina, aliligeuza lile paja kwenye sahani, akalitazama upande huu na upande ule, akaniuliza kwa upole:

"Mutoto wangu, hii kuku ilikufa na magonjwa, ao ilikuwa tu na mawazo mingi?"

Nilichoka na swali hilo. Nikaamua kutengeneza kuku wa kwangu mwenyewe: mzito, mpole, mwenye mapaja, na ikiwezekana mwenye manyoya machache, maana kunyonyoa nako kunachosha. Mimi ni mshonaji. Kazi yangu ni kuchagua kitambaa, kipimo na mtindo, na niliona kuku hawezi kunishinda.

Jogoo niliyemtaka aliishi mbele ya kwetu, ng'ambo ya njia, kwa mke wa askari, mwanamke aliyeletwa na mumewe kutoka mkoa wa Equateur. Shingo yake ilikuwa tupu na nyekundu, kama mtu aliyedanganywa na kinyozi. Miguu ilikuwa minene, na alivuka njia polepole hata pikipiki zikimpigia honi. Nikaenda kwa mwenyewe, nikamwita yaya, dada mkubwa, kwa heshima.

"Yaya, unipe jogoo yako kidogo. Ninataka ikae na kuku yangu ya muke."

"Na mahari?" akauliza.

Nilidhani anatania. Hakucheka.

"Lakini yaya, mwanaume njo anatoaka mahari," nikamwambia. "Jogoo iko yako. Weye njo utaniletea kitu."

Mume wangu, aliyekuwa anasikiliza mlangoni kwetu, akapaza sauti kwamba kwetu Baluba upande wa bwana harusi hauji mikono mitupu, na kwamba yeye mwenyewe alitoa mbuzi kwa ajili yangu na mpaka leo bado anaambiwa walikuwa wembamba. Yule mama akaingia ndani, akatoka na chupa ya mafuta ya mawese. Lakini naye akaweka sharti lake: vifaranga wakitoka, atachagua jike mmoja kabla yetu sisi. Tukapeana mikono. Jogoo akavushwa njia kwapani, macho yakimtoka kama mfanyakazi aliyehamishwa bila kuulizwa.

Kwa upande wetu nilichagua kuku mmoja tu, yule mpole mwenye kifua kipana. Wale wengine, wenye mbio, niliwafungia nyuma ya jikoni, na walinitukana kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ndoa ikaenda vizuri. Mayai yakapatikana, na kuku akataka kulalia. Hapo ndipo majivuno yaliponiingia. Nilikuwa na mabaki ya satini nyeupe kutoka kwenye nguo za komunio ya kwanza, nikayatandika ndani ya sanduku la mayai. Nikajisemea: katika Kamina hii yote, kuku gani amezaliwa kwenye satini?

Vifaranga wakatoka, wakubwa, wengine shingo tupu kama mapadri wadogo waliosahau kola. Nikawaita majirani. Kisha vifaranga wakajaribu kusimama. Satini inateleza! Huyu miguu ilikwenda mashariki na magharibi, yule alikaa chini akashangaa. Nilipowahamishia kwenye gunia kavu karibu wote walisimama, isipokuwa mmoja, mnene kuliko wenzake. Huyo alilala kifudifudi, miguu imetawanyika pembeni, akilia.

Moyo uliniuma. Mume wangu akasema tumwachie Mungu. Mimi nikasema Mungu hakutandika satini. Nikamwangalia kifaranga kwa jicho la kazi yangu: kitu kilichofunguka sana hupunguzwa. Nikakata ukanda mwembamba wa kitambaa laini, nikaufunga mguu huu na mguu ule, nikiacha nafasi katikati. Mara ya kwanza nilibana mno, akasimama kama msumari, kisha akaangukia mdomo. Nikalegeza mpaka miguu ikaachana upana wa mabega yake. Akasimama. Akatetemeka, akapiga hatua moja fupi, na mimi nikapiga kigelegele peke yangu.

Mama mkwe alifika wakati huohuo, kikapu cha samaki wakavu kichwani. Akakitua, akainama.

"Mulifunga huyu mutoto ya kuku sababu gani? Aliiba?"

"Hapana, mama. Miguu yake iko inafunguka."

"Na ule mwingine, anavaa viatu?"

Kweli, mwingine vidole vyake vilikuwa vimejikunja, nami nilikuwa nimevinyoosha juu ya kipande cha katoni na kuvishika kwa plasta. Mama mkwe alikaa chini akacheka mpaka akafuta machozi na kitenge. Baadaye nilimkuta akimlisha mfungwa mchwa kwa mkono wake, akimwimbia kwa Kiluba.

Baada ya siku chache nilifungua ukanda, na kifaranga akatembea. Mke wa askari akaja kudai haki yake. Akawatazama wote, akamnyanyua huyohuyo niliyemuuguza.

"Huyu njo muke. Angalia kiuno."

Niliuma meno, lakini tulikuwa tumepeana mikono. Akaenda naye.

Wale waliobaki walikua. Si wote walionenepa. Wengine walirithi mbio za bibi zao. Lakini Pasaka tulichinja mzito mmoja, na mama mkwe alikula paja bila swali, akaulizia tu kama lile lingine lina mwenyewe.

Asubuhi moja kukatoka ng'ambo ya njia sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Punde mke wa askari alikuwa kwetu, kuku kwapani.

"Mulinidanganya! Binti yenu anawika!"

"Weye njo ulichagua kiuno," nikamwambia.

"Na kwetu bibi harusi harudishwi," mume wangu akaongeza.

Tulikuwa katikati ya mabishano mumewe alipofika, amevaa sare, na kumnyang'anya mkewe yule kuku. Alimweka chini. Kuku akatembea, na kwa sababu ya ule ukanda wa utotoni, au sijui kwa nini, alinyanyua kila mguu juu sana kabla ya kukanyaga.

"Huyu harudi," askari akasema. "Tangu nifike Kamina, huyu tu njo anajua kutembea défilé, mwendo ya gwaride."

Akampigia saluti, akaondoka naye. Mkewe nikampa mtetea mmoja, tukanywa chai.