Breki za Gari la Wari

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimefunga kanga juu ya suruali ya kaka yangu. Msimamizi wa karakana, pale Ufukoni, Mtwara, akanitazama toka utosini hadi unyayoni, akauliza, "Binti, umekuja kutengeneza magari au kutafuta mchumba fundi?"

"Shikamoo," nikamjibu. "Nimekuja kutengeneza magari. Mchumba nitamtafuta jioni."

Mafundi wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akanipa brashi ya waya na ngoma ya breki, lile bakuli zito la chuma linalofunika breki ndani ya gurudumu, akaniambia nisugue mpaka ling'ae. Nikasugua kutwa nzima, nikinung'unika moyoni. Jioni akaja, akapitisha kidole, akasema, "Gari likikataa kuwaka, mwenyewe atatembea kwa miguu. Likikataa kusimama, kuna mtu atabebwa." Akaenda zake. Hivyo ndivyo mimi Somoe nilivyoingia upande wa breki, na sikutoka huko mpaka nastaafu. Vijana wa sasa wote wanataka injini, kwa kuwa injini inanguruma na watu wanasikia. Haya, ngurumeni.

Baadaye nikahamishiwa Kilambo, kwenye malori yanayoshuka ukingo wa Ruvuma kupanda pantoni. Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa kelele tangu alfajiri, lakini kutoa upepo nilijifunza kwake. Breki husukumwa na mafuta yake maalumu yaliyo ndani ya vibomba vyembamba. Upepo ukiingia humo, unakanyaga pedali na mguu unazama, gari linaendelea na safari zake. Kuutoa kunataka watu. Mmoja yuko chini na spana, mwingine yuko kwenye pedali. Wa chini akiita "Pampu!", wa juu anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia. Akiita "Shika!", wa juu anakandamiza asiachie, na wa chini analegeza kinati kidogo upepo utoke. Wa tatu, akipatikana, anaongeza mafuta kwenye kikopo cha juu yasije yakaisha. Mkuu wa kituo akisikia wawili hao wanagombana huwaambia, "Mna ugomvi? Uwekeni mpaka gari lishuke jeki!" Na kweli tulikuwa tunauweka.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa gereji moja ya Rahaleo, Mtwara mjini, chini ya Fundi Mkuu, mzee wa Kimakua mpole kupita kiasi, ambaye hata spana alikuwa akikuomba badala ya kukuamuru. Kisa ninachotaka kuwasimulia ni cha hapo, kipupwe, likizo ya shule, wakati wa kuwatoa jandoni wari, wale wavulana waliotahiriwa. Kwetu vijana hao hupandishwa kwenye pikapu, nguo mpya, miwani myeusi, na gari linakwenda nyuma ya ngoma. Mbele ya gari wanawake wanacheza, wengine kinyumenyume ili wamtazame mtoto wao. Dereva hana mwendo wa kujivunia. Anasogea, anasimama, anasogea tena, na bampa liko usawa wa magoti ya watu.

Safari hiyo miongoni mwa wari alikuwemo mjukuu wa kwanza wa dada yangu Zaituni. Dada Zaituni ni mnene, goti moja bovu, na akisikia ngoma hasikii la mtu. Gari lilikuwa la jirani yetu Mussa, naye ndiye dereva. Tuliliingiza gereji siku moja kabla, kwa kuwa gurudumu la nyuma lilikuwa linavujisha mafuta. Tukatengeneza, tukaanza kutoa upepo, mimi chini, Mussa kwenye pedali. Magharibi ilikuwa inatukimbiza, basi Fundi Mkuu mwenyewe akaja kutusaidia kuongeza mafuta. Tukalijaribu uani. Likasimama vizuri. Tukaenda kuswali.

Asubuhi nikaenda kulikagua tena. Sikuwa na wasiwasi, ni kawaida yangu tu, gari la wari silitoi mpaka nilikanyage mwenyewe. Nikakanyaga. Pedali ngumu, inashuka kwa shida, na ikishuka hairudi. Nikafungua kifuniko cha kikopo. Lo! Juu ya mafuta pameganda kitu cheupe, kizito. Nikachovya kidole, nikasugua kiganjani, kikayeyuka. Nikanusa.

Nazi! Mama wee, mafuta ya nazi kwenye breki!

Hapo lazima niwaeleze jambo. Petroli na mafuta ya breki vinapasua mikono, hasa kipupwe, na sisi mafundi wa huku tukimaliza kazi tunanawa na kujipaka mafuta ya nazi. Fundi Mkuu alikuwa na yake kwenye chupa ya maji, juu ya rafu. Mafuta ya breki nayo tulikuwa tukiyamimina kutoka kwenye kopo kubwa kwenda kwenye chupa kama hizo hizo, rafu hiyo hiyo. Jioni, kukiwa bado na joto, zote mbili zinaonekana za manjano hafifu. Alfajiri ya baridi ndiyo inayozitenga. Kila mama wa Mtwara anajua, msimu huo ukitaka kumpaka mtoto, chupa lazima uianike juani kwanza.

Fundi Mkuu akaingia akisalimia. Nikamwonyesha kikopo. Akatazama, akageuka kwenye rafu, akaiona chupa yake imebaki nusu, imeganda nyeupe. Akakaa juu ya tairi.

"Ni mimi, Somoe," akasema. "Mimi ndiye niliyemimina."

"Ndiyo, Fundi."

"Jua likipanda yatayeyuka. Pedali itakuwa nzuri kabisa. Halafu raba zitavimba."

Raba ni vile vipete vya mpira vinavyoyazuia mafuta yasipite. Zikivimba na kuharibika, pedali inakwenda chini siku hiyo hiyo, na mbele ya pedali hiyo angekuwa dada yangu.

Simu ikalia. Ni yeye.

"Somoe, gari liko wapi? Watoto wameshavaa, ngoma zimeshaota moto!"

"Dada, gari haliji sasa hivi. Breki."

"Breki za nini? Kwani tunakwenda Dar? Si tunatembea kwa miguu!"

"Ndiyo maana, dada."

"Umenitia aibu, Somoe. Mjukuu wangu wa kwanza!" Akakata.

Mussa naye akaja na yake. "Mama Somoe, tuchote hayo ya juu, tuongeze mengine. Nitakwenda polepole."

Fundi Mkuu akainuka. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Halitoki!" akasema, mpaka Mussa akarudi nyuma. "Gari hili halitoki!"

Tukafungua kila kitu. Vibomba tukavisafisha kwa spiriti, raba zote tukatupa, Mussa akazunguka mji mzima kutafuta mpya. Tukatoa upepo upya, na safari hii Fundi Mkuu alikuwa akinusa kila chupa kabla ya kumimina. Adhuhuri ilikuwa imeshapita gari lilipotoka.

Nikatembea ubavuni mwa gari. Dada Zaituni alinipita kama hanijui. Ngoma ikakolea, akaanza kucheza kinyumenyume, mikono juu, anamwimbia mjukuu wake. Kanga ikamnasa mguuni, goti likamsaliti, akaenda chini chali mbele ya gari.

Likasimama. Kimya, bila mlio wowote. Ndala yake moja ilikuwa chini ya bampa.

Wanawake wakamnyanyua, vigelegele vikapasuka. Akacheka, akajikung'uta vumbi, akavua kanga ya mabegani akamvisha Mussa shingoni kupitia dirishani. "Dereva ndiye huyu! Mungu akuweke!" Mussa akanitazama, nikamkonyeza anyamaze. Nikachuchumaa kando ya mtaro nikilia na kucheka kwa pamoja, na Fundi Mkuu aliyekuwa nyuma yangu akawa anasema tu, "Alhamdulillahi, mwanangu. Alhamdulillahi."

Sasa nimestaafu, nafuga kuku na kugombana nao. Vijana wakija kuniuliza, nawaambia mafuta ya mikono yakae nyumbani, na breki ikaguliwe asubuhi hata kama jioni ilisimama. Wasitegemee shukrani, maana ajali isiyotokea hakuna anayeiona. Mimi mwenyewe nililala usingizi mtamu usiku ule, na huo ulinitosha.

Dada Zaituni sikuwahi kumwambia. Kila wari wakitolewa, mbele za watu, hukumbushia jinsi Somoe alivyomharibia shughuli ya mjukuu wake kwa breki zake. Namwacha aseme mpaka achoke. Mradi anasema.