Kifuniko cha Dereva

Kila Jumapili baada ya misa, Kasese nzima humsikiliza mzee mmoja redioni, nami kwa muda mrefu nilimsikiliza nikiwa nimeuma meno. Ni afisa mstaafu wa jeshi aliyegeuka kuwa mwanahistoria wa vifaru vya vita. Anajua kifaru gani kilitoka nchi gani, injini yake ilikunywa mafuta namna gani, chuma chake kilikuwa kinene wapi na chembamba wapi. Vijana wa bodaboda huzima pikipiki ili wasikose neno. Wanamwita Afande wa Vifaru. Mimi nilikuwa na jina jingine la kumwita, ila mama alinikataza kulitamka ndani ya nyumba.

Baba yangu alikuwa dereva wake.

Katika vita vya huko kaskazini kifaru chao kilipigwa kikaungua. Wenzake watatu walirudi, baba hakurudi. Afisa alikuja mwenyewe kwetu Bwera, akanywa chai yetu, akamwambia mama kwamba dereva alifungua kifuniko cha tundu lake la kutokea akakimbilia porini, akawaacha wenzake motoni. Mtoro. Neno hilo lilifika sokoni kabla vikombe havijaoshwa. Shuleni tukaitwa watoto wa mtoro, na kwa kuwa mpaka wa Kongo uko pale pale, kila mtu alikuwa na hakika kwamba amevuka.

"Iko Butembo na bibi ingine," mama alikuwa akisema. "Asikanyage hapa."

Kwetu mtu akifa mbali na mwili usipatikane, ndugu hukata mgomba, wakaufunga shuka na kuuzika kama maiti, ndipo kilio kinakwisha. Baba hakuzikiwa mgomba, maana ni nani amzikie mtu aliye hai? Mama aligawa nguo zake. Alikataa kuitwa mjane. Alimlaani kila asubuhi akiwasha moto, nasi tukala uji wetu katikati ya laana hizo. Mimi nami nilimchukia, na chuki ile niliiona ni haki yangu.

Basi Jumapili moja nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, redio ikiwa wazi. Mzee alikuwa amepamba moto. Alieleza kasoro ya aina ya kifaru alichokuwa nacho vitani: kifuniko cha dereva kiko mbele, chini ya mzinga. Mzinga ukiinama juu yake, kifuniko hakiinuki hata dereva awe na nguvu za ng'ombe. Kisha, kwa kujinogesha, akasimulia siku yao ya moto. Mzinga ulikwama umeinama pale pale, akasema, haukuzunguka tena, nao waliokuwa juu wakaruka.

Niliweka kalamu chini. Alikuwa amesema mwenyewe, kwa mdomo wake, wilaya nzima ikisikia, na hakuna aliyeshtuka.

Wiki hiyo alikuwa na mhadhara katika ukumbi mmoja wa Kasese. Nilikwenda. Mezani mbele yake palikuwa na kifaru cha mbao, kazi ya fundi wa Nyakalengija, kizuri kweli: kichwa kinazunguka, mzinga unapanda na kushuka, vifuniko vyote vinafunguka. Ulipofika wakati wa maswali nikaenda mbele.

"Afande, siku kifaru chenu kilipoungua, mzinga ulikuwa umekaa hivi?" Nikauzungusha, nikauinamisha.

Akafurahi. Mwanamke anapenda vifaru! "Kushoto kidogo, madam. Hapo hapo."

Nikaingiza ukucha chini ya kifuniko cha dereva, nikakiinua. Kiligonga mzinga. Nikajaribu tena, kikagonga tena, na ukumbi ukasikia.

"Basi baba yangu alitokea wapi?"

Hapo alinitambua. Uso wake ulibadilika, lakini mdomo haukukosa la kusema.

"Jeshini iko mambo raia hawezi elewa."

"Nieleweshe. Ulimwacha ndani, ukaja kwetu kumwita mtoro?"

"Keti chini!" alifoka, sauti ile ya kambini. "Swali ingine!"

Na kweli, kijana mmoja nyuma akauliza kuhusu injini. Mzee akajibu. Watu wakapiga makofi, kisha wakapanga foleni kupiga naye picha. Nilipita katikati yao nikitamani kuibeba ile meza na kuipindua. Sikuipindua, na mpaka leo najuta.

Nilimwambia mama jioni hiyo hiyo. Hakulia. Aliniomba nirudie habari ya kifuniko, nikarudia, akaniomba tena. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Baba zangu wadogo walishuka kutoka Mahango, wakakata mgomba nyuma ya nyumba, wakaufunga shuka jeupe. Tulizika Jumapili, kando ya kaburi la babu. Majirani walewale waliotuita watoto wa mtoro walikuja na nyuso za huzuni, nami sikuwapa mkono. Kwa jirani redio ilikuwa inasema. Mzee alikuwa akieleza minyororo ya magurudumu ya kifaru, jinsi inavyokatika kwenye mawe. Nilisikiliza kama angetaja dereva hata mara moja. Hakutaja. Baba mdogo mmoja akaondoka kwa hasira kwenda kuizima.

Mama alikuwa amepiga magoti ukingoni, ameshika udongo mkononi, na hakuwa akiumwaga.

"Unisamehe, baba ya batoto," alikuwa akiuambia mgomba. "Balinidanganya. Nilikutukana bure. Unisamehe."

Tulimwambia inatosha, akatusukuma. Aliomba msamaha mpaka udongo ukalifunika lile shuka.