Gitaa la Baba na Maji ya Pipa

Ilikuwa saa tisa na robo alasiri nilipomimina maji kwenye gitaa la baba.

Kwetu Newala maji yalikuwa ya kununua, na kila siku mama alinituma nikagonge pipa. Likilia kwa uzito, maji yapo. Likilia ko, ko, yamekwisha. Baba naye, kila alipopiga gitaa, kidole chake kiliacha nyuzi kikagonga ubao, nalo likalia ko, ko. Niliamini analipima, na kwamba hakuna anayejali kulijazia. Siku hiyo nilichota kata nne, nikazimimina kwenye tundu lake.

Baba alirudi kutoka shambani, akalinyanyua. Harufu ya gundi iliyolowa ilijaa chumbani.

“Umelitia maji, Hadija?”

“Lilikuwa tupu, baba. Ulikuwa unaligonga.”

Hakunipiga. Aliliinamisha juu ya ndoo hadi tone la mwisho, kwa kuwa yale yalikuwa maji ya kupikia, kisha akaligonga. Liliitika kwa sauti nzito, kama pipa lililojaa, nami nikafurahi. Baada ya siku mbili mbao ziliachana. Hakupata jingine.

Juma lililopita, hapa Masasi, mwanangu alinionyesha kwenye simu Mhispania akipiga gitaa huku akiligonga kwa kidole, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kule kugonga kulikuwa ngoma ya baba.

Siku zake za mwisho hakuweza kusema. Aligonga ubao wa kitanda kwa kidole kilekile, nami, mtu mzima, nikamletea kikombe cha maji.