Nusu Kichwa cha Kesho

"Kaka, hapo ulipo umenyolewa au hujanyolewa?"

Aliyeuliza alikuwa mdogo wake wa mwisho, msichana wa miaka sita ambaye nyumba nzima ilimwita Mbona, kwa kuwa neno hilo halikumkauka mdomoni. Aliyeulizwa alikuwa amesimama mlangoni mwa kinyozi, na kinyozi mwenyewe ni baba yao. Upande wa kushoto wa kichwa chake uling'aa kama sahani iliyooshwa. Upande wa kulia ulikuwa kichaka. Alinyakua kofia ya baba yake msumarini, akatoka mbio.

Tuseme ukweli, alijitakia. Kaka huyu watu walimwita Kesho. Kitasa cha choo kimelegea, atakikaza kesho. Shati lina tundu, atalishona kesho. Mama yao alikuwa akisema hata kuzaliwa alichelewa, na alipotoka alilia kwa hasira kama mtu aliyeharakishwa.

Chuoni alikuwa mwaka wa pili, akisomea miamba. Hakuwa akifeli. Ila alikuwa akiyatazama mawe, mawe nayo yakimtazama, na hakuna aliyekuwa na la kumwambia mwenzake. Akataka kuhama. Kwenda wapi? Hapo ndipo ngoma ilipokuwa nzito. Siku moja alikuwa mwanasheria kabisa, siku ya pili mfanyabiashara, siku ya tatu amelala. Chuo kiliruhusu mwanafunzi kuhama mara moja tu. Ukikosea umekosea, utakula ulichokipika mpaka umalize. Alipewa muhula mzima wa kufikiri. Akasema kesho, na kesho, mpaka kesho zikamwishia, ikabaki leo, na ofisi inafungwa alasiri.

Na siku hiyo ndiyo aliyokumbuka kunyoa.

Alikaa kwenye kile kiti kimoja cha duka, kiti chenye mkono mmoja uliofungwa kwa utepe mweusi. Baba akamvika kitambaa shingoni, akawasha mashine. Mama alikuwa kwenye benchi, amepita kuchukua ufunguo, lakini akakaa alipoona mjadala unanukia.

"Biashara," baba akaanza, akipita na mashine juu ya sikio la kushoto. "Usome biashara, uje hapa tuongeze kiti cha pili, na kioo kile kikubwa. Mimi mgongo umechoka, mwanangu."

"Biashara ipi, baba watoto?" mama akadakia. "Huyu? Mteja aje leo, yeye amwambie njoo kesho? Asome sheria. Maneno anayo. Tangu mdogo, akivunja kikombe, mnaishia kukigombeza kikombe."

"Kwa hiyo mawe basi?" akauliza fundi viatu, aliyekuwa akisubiri zamu yake.

"Mawe yapo nje," mama akasema. "Hayaibiwi. Atayakuta."

Kesho alitaka kucheka lakini mashine ilikuwa shingoni. Mbona, aliyekaa chini akikusanya nywele za kaka yake kama anajenga kiota, akainua uso. "Mbona anatisha hivyo?"

"Shii!" baba akamkatiza. Duka lile lilikuwa na sheria moja tu, na hata fundi viatu aliijua: kichwa hakisemwi kabla kitambaa hakijakung'utwa. Mteja akiwa bado kitini, humcheki, humpongezi, humwulizi lolote kuhusu kichwa chake. Ngoja kazi iishe.

Ndipo umeme ukakatika.

Mashine ilikoroma kidogo, ikanyamaza. Wakangoja. Baba akajaribu mkasi upande wa kulia, akatoboa shimo, akauweka chini taratibu kama mtu aliyeona nyoka. Wembe haukufikiriwa, ngozi ya Kesho na wembe havikuwahi kuelewana. Saa nayo haikuwa na umeme wa kukatika, ilikwenda tu. Mwishowe Kesho akajifungua kitambaa mwenyewe, akakiacha kitini na nywele zake ndani. Hapo mlangoni ndipo Mbona alipomrushia lile swali.

Ofisi ya chuo ilikuwa ya mama mmoja mratibu, mwenye miwani iliyoning'inia kwenye kamba na feni ndogo iliyompepea yeye peke yake. Foleni ilikuwa ndefu. Kesho alipofika mezani, jambo la kwanza aliloambiwa lilikuwa, "Vua kofia, kijana. Hapa si stendi."

Akavua.

Foleni nzima ilipasuka kwa kicheko. Mratibu akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Nani amekutenda haya?"

"Kinyozi, mama. Lakini hana kosa."

"Hana kosa! Mtu amekuacha nusu!"

"Hajaniacha, mama. Umeme ulikatika. Angeendelea kwa mkasi angeniharibu zaidi, alisimama kwa kunihurumia."

"Basi kosa la watu wa umeme."

"Nao wangejuaje kwamba mimi niko kitini? Halafu pale dukani, mama, kuna utaratibu. Kichwa hakisemwi kabla kitambaa hakijakung'utwa. Changu hakijakung'utwa. Kwa hiyo kwa haki kabisa, hakuna anayeweza kusema nimenyolewa vibaya. Tunaloweza kusema ni kwamba kazi inaendelea."

"Na wewe je? Ulinyoa leo kwa nini, siku ya mwisho?"

Hapo Kesho akakohoa. "Hilo, mama, naomba tusiliguse."

Mratibu alicheka mpaka akazima feni ili apumue vizuri. "Haya, wakili wa vinyozi. Foleni nyuma yako imefika kwenye ngazi. Unahamia wapi?"

Kesho alifungua mdomo aseme bado anafikiri. Akamkumbuka baba, kiti cha pili, ule mgongo. Kisha akajisikia alivyokuwa akisema dakika ile iliyopita, bila kujilazimisha, bila hata kupiga miayo.

"Sheria," akasema. Neno lilimtoka kabla hajaliambia lisubiri.

Aliporudi dukani umeme ulikuwa umerudi. Baba alimkalisha, akamvika kitambaa kilekile, akawasha mashine. Alipofika nyuma ya sikio la kulia ndipo aliposema, "Upande upi?"

"Sheria, baba."

Mashine ilizimwa. Kesho alimwona baba yake kwenye kioo, akikitazama kile kiti chenye utepe kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Kisha mashine ikawashwa.

"Basi tutabaki na kiti kimoja," baba akasema. "Si haba. Siku wenye vichwa wakinishtaki, nitakuwa na mtu."

Alipomaliza alikikung'uta kitambaa kwa nguvu kuliko siku zote.

Miaka imekwenda. Kesho ana ofisi ya meza mbili juu ya duka la rangi, anatetea watu wanaogombea uzio na kodi za nyumba, na wateja wanalalamika kwamba anachelewa. Mbona yuko sekondari, naye sasa anaulizwa na kila mtu atasomea nini. Juzi alikuwa akifagia nywele dukani, kaka yake akiwa kitini, ingawa siku hizi upara umemrahisishia baba kazi.

"Kaka, lile swali langu hukuwahi kulijibu," akamwambia. "Siku ile, ulikuwa umenyolewa au hujanyolewa?"

Kesho akamtazama kupitia kioo.

"Nilikuwa bado kitini, Mbona. Kama wewe sasa. Wakikuuliza, waambie kitambaa hakijakung'utwa." Akageuka kumtazama uso kwa uso. "Lakini usiwaambie kesho."